Baba, Siku Uliyolala Kwenye Meza ya Masaji

Mpendwa Baba,

Leo Bomet kumenyesha tangu saa nane, na mteja wangu wa saa tisa amepiga simu kusema barabara ya kwao imejaa matope, hatafika. Nimebaki na saa nzima ya bure, nikaamua kukuandikia. Mwaka umepita tangu tukuzike pale nyumbani Kedowa. Wanaoingia kazi hii ya masaji huniuliza nilianzaje, na kila nikijaribu kuwaeleza najikuta naongea juu yako. Afadhali niandike mara moja, nao wasome.

Siku niliyokuambia nataka kusomea masaji ulikuwa dukani kwako, unampimia mtu mbegu za kabichi. Ulimfungia mbegu zake akatoka. Kisha ukaniambia, "Mami, si hata ualimu uko?" Uliniita Mami kwa sababu nina jina la mama yako, na ukiniita hivyo nilijua huna nguvu ya kunikataza. Lakini kanisani, ambako ulikuwa mzee wa kanisa, uliwaambia watu kwamba Wairimu anasomea mambo ya hospitali. Nilisikia. Sikukulaumu.

Nilimaliza kozi, nikapangisha chumba hapa Bomet mjini, juu ya duka la vitambaa. Nilikuwa na meza, shuka nne, mafuta na cheti ukutani, nikadhani hiyo inatosha. Wateja wangu wa kwanza walikuwa akina mama wa kuchuma chai, mabega yamekaza kama mbao. Halafu wakaanza kuja wanaume waliotaka mambo mengine. Niliwafukuza, lakini maneno yakaenea. Mwenye nyumba, Mama Chepkirui, alipanda ngazi akasimama mlangoni, hakutaka hata kuingia.

"Mimi sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini watu wanaongea. Mwezi ukiisha, tafuta mahali pengine."

Nilirudi Kedowa na begi langu. Nilingoja useme ulinionya. Badala yake ulinimiminia chai, ukanisikiliza mpaka mwisho, kisha ukauliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza.

"Sasa nyinyi watu wa masaji hamna chama?"

"Sijui, Baba."

"Hujui? Sisi wakulima wa viazi tuna chama. Watu wa bodaboda wana chama. Hata wale wa kuchoma mahindi pale steji ya matatu wana mwenyekiti na katibu. Wewe unafanya kazi peke yako kama mwizi, halafu unashangaa watu wakikuita mwizi?"

Nilimpigia mwalimu wangu wa chuo, na kumbe chama kiko. Wanachama walikutana kila mwezi Kericho mjini, katika ukumbi wa kanisa ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kujua. Ukasema utanisindikiza. Nilidhani utaniacha mlangoni, kumbe uliingia na koti lako la Jumapili ukakaa mstari wa mbele.

Mwenyekiti, Madam Chelangat, alikuwa muuguzi kabla ya kuingia kazi hii. Siku hiyo aliwaeleza wageni kwamba chama kina kanuni ambazo kila mwanachama hutia sahihi, kina vitabu vya kuazimana na mafunzo ya mara kwa mara, na kila mgeni hupewa mtu mwenye uzoefu wa kumshika mkono mwaka wa kwanza. Ukainua mkono.

"Mimi si mwanachama. Mimi ni baba ya huyu. Mtu akisema mtoto wangu anafanya kazi chafu, nyinyi mtakuwa wapi?"

Watu wakanyosha shingo kukutazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mzee, tutakuwa mlangoni kwake," Madam akajibu. "Lakini kwanza njoo uone kazi yenyewe. Leo tunahitaji mtu wa kufanyia mazoezi."

Hivyo ndivyo ulivyojikuta umelala kifudifudi mbele ya watu, shati umevua, soksi umekataa kuvua. Madam alituonyesha tena jinsi ya kumwomba mtu ruhusa kabla ya kumgusa, na jinsi ya kumfunika shuka ili pabaki wazi pale tu panapokandwa. Alipofika kwenye bega lako la kubebea magunia, ulikuwa unakoroma. Watu walicheka mpaka somo likasimama. Uliinua kichwa ukauliza, "Tumemaliza kuomba?"

Nilitia sahihi kanuni siku hiyo hiyo, na wiki iliyofuata Madam alikuja Bomet na wanachama wawili. Walimwita Mama Chepkirui, wakampa barua ya chama ya kunitambulisha, wakamwonyesha daftari la wateja na kanuni walizobandika ukutani, pamoja na ile inayosema mlango hautafungwa kwa ufunguo mteja akiwa ndani. Alizisoma zote, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza aliuliza kama tunaweza kumwangalia shingo. Siku hizi huja kila Alhamisi, na ameshaniletea nusu ya kwaya yao.

Lakini kitu kikubwa zaidi nilichopata kwa chama, Baba, ni kujua wakati wa kutogusa. Siku moja nilikukuta nyumbani, umerudi kutoka mkutano wa kanisa Mombasa, safari ya siku nzima umekaa. Mguu mmoja ulikuwa umevimba, nao ulikuwa na joto. "Ni uchovu tu," ukasema. "Mami, nikande kidogo." Nilikuwa nimeshapaka mafuta mikononi ndipo nikakumbuka somo la Madam: mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa na joto na kuuma, usiukande. Huenda damu imeganda ndani, na ukiisukuma inaweza kupanda hadi mapafuni. Nikafuta mikono.

"Sikukandi, Baba. Twende hospitali."

"Unakanda Bomet nzima, baba yako ndiye unamkataa?"

Njia yote ulinung'unika kwamba ninakupotezea siku. Daktari alipopima na kukuta ni damu iliyoganda, na kusikia kwamba hatukuukanda huo mguu, aliuliza ni nani aliyetukataza. Kabla sijafungua mdomo, ukamjibu, "Huyu. Wana chama." Ulisema kama mtu anayetaja ukoo wake.

Tulipata miaka mitatu mingine na wewe. Katika miaka hiyo, aliyeingia dukani akilalamika mgongo alitoka na mbegu zake na namba yangu ya simu. Kanisani uliacha habari za mambo ya hospitali. "Anakanda watu," ulikuwa unawaambia, "na amesomea."

Sasa ni mimi ninayepokea wageni wa chama. Majuzi walikuja wasichana wawili kutoka Sigor, vyeti vyao vipya kabisa. Niliwaambia wasitundike cheti wakakaa kungoja wateja. Watafute wenzao kwanza. Niliwaazima kitabu cha misuli, nikawaandikia zahanati za kupeleka mtu asiyefaa kukandwa, nikawaambia wanipigie hata kama swali linawaaibisha. Mmoja amenipigia mara saba. Nimefurahi kila mara.

Na Mama yuko. Tangu uondoke alikuwa anaongea kidogo sana. Miaka yote hii hakutaka nimkande, alisema yeye si mgonjwa. Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, alikaa nje kwenye jua akavua viatu, akasema miguu inamsumbua. Nikaketi chini nikaanza kumkanda. Katikati akaanza kucheka. Akaniambia kwamba ulipokuwa unamtaka, uliamka alfajiri ukaenda kuchimba viazi shambani kwa baba yake, ili wazee waone una bidii. Jua lilipotoka ikajulikana umechimba mistari mitatu ya viazi vya jirani.

"Na jirani akaleta uji kumshukuru," Mama akasema, "naye akanywa." Alikuwa ameshika tumbo, machozi yanamtoka, mguu wake bado uko mikononi mwangu.

Hukuwahi kuniambia hiyo, Baba. Pumzika vizuri. Mama anasema ziko zingine, na Jumapili ninarudi kuzisikia.

Ni mimi binti yako,
Wairimu