Kuchagua Vifuniko vya Swichi Ndani ya Eda

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimefagia, nimemwagilia uani, nimekaa. Siku ya sabini na moja ya eda. Damu mbili nimeshaona. Ya tatu nikiiona, mimi si mke wa Athumani tena. Kabla ya hapo ana haki ya kunirejea, kwa neno moja tu. Talaka yenyewe moja, kwa hasira, siku tuliyogombana kuhusu dari ya nyumba hii anayoikarabati. Nakaa kwake kama sheria inavyotaka. Yeye analala kwa dada yake, Mwanaidi.
Leo kaja Mashaka, fundi umeme. Kamwaga vifuniko vya swichi mezani, kila namna. "Mzee kasema mama achague. Yeye ndiye anayeijua nyumba."
Nikavuta kiti, nikaanza kuvipanga kimoja kimoja.

Jumanne, 7 Oktoba
Mwanamume hamwambii mke anayemwacha achague pambo la nyumba. Au?
Kuna vyeupe vitupu. Kuna vya kioo cheusi, vinashika kila alama ya kidole. Vya rangi ya dhahabu vinang'aa mno, kama meno ya bandia. Na kuna vya rangi ya maziwa, vina nakshi ya maua pembeni. Hivyo ndivyo. Nimeviweka ukutani asubuhi, nikaviweka tena alasiri, nione mwanga unavyovigusa. Chumbani nimetaka cha swichi mbili, moja ya feni, upande wake wa kitanda. Joto linamsumbua.

Alhamisi, 9 Oktoba
Damu imechelewa siku tatu. Umri huu inakuja itakavyo. Namshukuru Mungu kwa kila siku, kisha naona haya kumwomba jambo kama hili.
Mwanaidi kapita. Kanikuta navifuta vifuniko kwa kitambaa. "Wifi, unachagua kana kwamba utawasha wewe." Kacheka. Nami nikacheka, mawifi ndivyo tulivyo. Alipotoka nikalia jikoni.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mashaka kafunga vyote, mpaka cha jikoni.
Baada ya swala ya Ijumaa Athumani kaja mwenyewe. Kapiga hodi. Miaka ishirini na mbili, leo anapiga hodi. Nikajitanda ushungi, nikaacha mlango wazi. Akawasha, akazima, chumba kwa chumba. "Vizuri, Zuhura. Una jicho."
Nikangoja neno. Nikampa kahawa, nikangoja. Akamaliza kikombe, akaniaga kwa adabu kama mgeni.
Labda haya zinamzuia. Labda kesho.

Jumapili, 12 Oktoba
Mashaka karudi na bisibisi. Kaenda moja kwa moja chumbani, kaanza kukifungua kifuniko changu. Nikamuuliza kulikoni.
"Mzee anataka hiki cha humu kiwe cheupe, mama. Mwenye chumba hapendi maua."
"Mwenye chumba nani?"
Akainamia skrubu zake. "Nilidhani unajua, mama. Nisamehe."
Kumbe anaoa. Nyumba inamngoja mwingine.
Mashaka alikuwa amezima umeme na dirisha la chumba lile ni dogo. Nikamshikia tochi mpaka akamaliza. Sijui kwa nini. Nilimshikia tu.
Athumani hakunidanganya. Aliniomba nichague, nikachagua. Yaliyobaki niliyatunga mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimeona damu. Alfajiri.
Eda imekwisha.
Nimemwita Mwanaidi, nimemwambia ampelekee habari kaka yake. Leo hakuwa na mzaha. Kakaa kunikunjia kanga zangu, jozi kwa jozi. Kasema "Wifi," kisha akaendelea kukunja.

Jumatano, 22 Oktoba
Kiwangwa, kwa kaka Hamisi. Wote wako shambani, kwenye mananasi. Nimebaki na kuku.
Damu imekatika, nimetwaharika. Nimeoga, nimeswali adhuhuri, swala yangu ya kwanza tangu nifike. Nikainua mikono. Nikawaombea wazee wetu waliotangulia, nikamwombea kaka, nikawaombea wanawe. Ulimi ukaendelea wenyewe: na mume wangu Athumani, umpe afya.
Nikakwama hapo. Kuku mmoja akaingia mpaka kwenye ukingo wa mkeka, akatoka.
Nikarudia. Na Athumani, mwana wa Bakari, umpe afya.
Amina. Nikakunja mkeka.