Nyota Tano za Chadhouli

Jumatatu, 10 Machi 2008
Nimemaliza! Kisakinishi chetu — kile ambacho maduka ya dawa ya Moroni na Mutsamudu huteremshia programu zao — sasa kina mahali pa maoni, na nyota moja hadi tano. Nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya Kifaransa visivyo na jalada. Sasa watu watasema ukweli. Ndivyo nilivyodhani asubuhi.

Alhamisi, 13 Machi
Nyota tano. Tano. Tano tena. Zote za programu ya kuhesabu akiba ya dawa aliyoitunga Chadhouli, mkuu wetu ofisini hapa Magoudjou, Moroni. "Mashallah, kazi ya mtu mzima," kaandika mmoja — toleo jipya hata hajaliteremsha, nimetazama. Chadhouli kafanya anda yake, ile harusi kubwa, mwaka jana. Mji mzima ulikula. Nani atampa nyota tatu mtu aliyemlisha nyama? Mimi nimemzidi umri, lakini anda sina, na asiye na anda hahesabiwi mtu mzima. Kwa hiyo ananiita "mwanangu".

Jumatatu, 17 Machi
Nyota moja! Ya Moina, mwenye duka la dawa mtaa wa Hombo, kule Mutsamudu, Nzuani — kisiwa kilichojitenga, serikali ikakifungia bahari. "Msiteremshe toleo jipya. Limenifutia akiba yote. Sijui insulini imebaki kiasi gani, na bandarini hakiingii kitu." Nimejaribu kwenye kompyuta yangu. Kweli. Limefuta — tena kwa adabu, likaandika "merci".

Jumanne, 18 Machi
Chadhouli kasoma. Hakuuliza kosa ni lipi. Kauliza mtu ni wa wapi.
"Wa Nzuani? Mjitenga huyo! Bunduki hana, anatupiga kwa nyota. Futa, mwanangu."
Nikasema kosa lipo, nimeliona.
"Umeliona wewe? Tangu lini wewe ukasema barazani, watu wakanyamaza?"
Zainaba, mhasibu, akachekea ndani ya kikombe.
Maoni ya Moina sikuyafuta. Nimeyaficha. Ni kufuta kwa mtu mwoga.

Jumamosi, 22 Machi
Moina tena: "Maoni yangu yako wapi? Au siku hizi nyota nazo zinaombewa viza?" Nimecheka. Kisha nikayaficha na hayo.

Jumanne, 25 Machi
Jeshi la serikali limeshuka Nzuani alfajiri. Hapa Moroni, mtaa wa Badjanani ni vigelegele tu. Simu ya Moina haiiti. Chadhouli kaingia na joho lake la anda — kwa Jumanne! — na kompyuta za waganga wa hospitali wanaovuka kesho kwenda Mutsamudu.
"Zitie toleo jipya, mwanangu. Wote wamelisifu."
Kweli, wamelisifu. Ukurasa mzima ni nyota, kama mbingu.
Kaenda kuswali adhuhuri. Nimerudisha maoni ya Moina, yote. Chini yake nimeandika yangu: linafuta akiba, nimelijaribu mwenyewe. Nyota moja. Jina langu, na la baba. Kompyuta za waganga sijazigusa.
Zainaba kasoma. Safari hii hakucheka. "Kaka, yaondoe kabla hajarudi."
Swala imekwisha, na maoni bado yapo. Chadhouli yuko mlangoni, anavua viatu —