Mioyo Iliyokwisha Kutoa Mlingoti

Mpendwa Mjomba,

Simu zangu anapokea mkeo, na kila mara anasema uko shamba. Saa nane mchana uko shamba. Jumapili baada ya ibada uko shamba. Nimepiga mara kumi na nne. Shamba lenyewe nalijua, ni eka moja na nusu.

Basi naandika. Na naandika mahali ambapo wengine watasoma, kwa sababu nilichokufanyia nilikifanya mbele ya watu.

Unaikumbuka siku yako ya kwanza hapa Durban, kwenye viwanda vya Jacobs, mwaka 2012, kwenye ule uwanja nyuma ya karakana? Bosi alikuwa ameagiza agave kutoka nyika kame ya Karoo, atengeneze pombe kali kama ya Wameksiko. Lori likamwaga mioyo yake chini, yale matunguu makubwa yanayobaki majani yakishakatwa. Ukacheka, ukasema, "Mjomba, mkonge huu umenenepa." Evariste, yule Mrundi mchochea moto, akatusikiliza tukiitana akauliza hapa mjomba ni nani sasa, maana kila mtu ni mjomba. Ulimjibu kwamba kwetu jina hilo huenda na kurudi.

Wewe mzee wa kanisa, pombe hujawahi kuimeza, lakini ndiwe uliyeonja kabla yetu sote. Moyo ukitoka shimoni umeiva, ulikata kipande, ukakitafuna kama muwa, ukatema singa, zile nyuzi zake. Nilikuwa nimekueleza nilichosoma: tequila hutoka kwenye aina moja tu ya agave, ile ya bluu, na mara nyingi huivishwa kwa mvuke, ndiyo maana unausikia mmea wenyewe. Mezcal hutoka kwenye aina nyingi, na mioyo yake huchomwa shimoni kwa kuni na mawe ya moto, hivyo moshi huingia. Bosi alitaka moshi. Ukanisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Moshi ni nguo tu, mjomba. Mwili ni mmea."

Kisha ukanionyesha. Ukiacha vishina vya majani virefu, pombe inatoka na uchungu wa kijani. Mmea mchanga ni maji matupu. Uliokaa miaka mingi kwenye mawe, bila mvua ya kutosha, moyo wake ni mdogo lakini utamu umejikusanya. Hayo yote uliyajua bila kitabu, na mimi niliyaandika kwenye daftari langu bila kutaja jina lako.

Halafu likaja lori la Oktoba. Mioyo arobaini. Nilichukua kipimo cha sukari nikapima mitatu, ile ya juu juu, nikapata namba nzuri, nikaiandika kwa yote arobaini. Wewe ukaviringisha wa nne, ukatia ngumi kwenye kovu la utosini, pale ambapo mtu alikuwa amekata mlingoti, ile nguzo ya maua, kwa msumeno.

"Mjomba, huu umeshatoa mlingoti," ulisema. "Sukari yote imepanda juu kwenye maua. Humu zimebaki singa."

Ukahesabu ishirini na sita ya namna hiyo. Bosi alikuwa amesimama palepale, akaniuliza mzee anasema nini.

Mjomba, nilijua. Nimezaliwa kambi ya mkonge, Korogwe. Magoli yetu ya mpira yalikuwa milingoti. Mtoto yeyote wa kambini anajua kwamba mkonge ukisimamisha mlingoti umejimaliza. Niliyaona yale makovu kabla yako nikayapita. Lakini bosi nilikuwa nimemwambia baba yangu alikuwa mwalimu na mimi nimesomea kemia ya vyakula. Ukweli ni kwamba nilianza kwa kufagia karakana ile, na vipimo nilijifundisha mwenyewe usiku baada ya usiku, mpaka nikawa supavaiza. Miaka tisa hakuna aliyenishika mkono, na hilo bado linaniuma, sifichi. Nikakuona umeshika panga, mdomo umeufungua, na nikajua neno linalofuata ni "kule kambini kwetu".

Nikamjibu bosi kwa Kiingereza kwamba huyu mzee alikuwa mkata mkonge, anajua kamba, pombe haijui. Evariste akatazama chini.

Tukaichoma yote arobaini. Pombe ilitoka nyepesi, chungu kama jani, na moshi umekaa juu yake kama maji yaliyochemshwa kwenye sufuria iliyoungua. Evariste alionja akasema, "Eish, iko moshi tu. Mmea umeenda wapi?" Bosi akaweka glasi mezani, akauliza nani amefanya hivi.

Nikasema ni wewe. Nikasema umeacha vishina vya majani virefu. Uongo ulionyooka, maana vishina kweli huleta uchungu. Somo nililojifunza kwako ndilo nililokufungulia nalo mashtaka.

Bosi akakwambia Jumatatu usije. Hukuuliza tafsiri. Ulifuta panga kwa gunia, ukalitundika ukutani, maana huwezi kuvuka nalo mipaka yote ile. Nilisimama mlangoni nikisubiri unitukane. Nilikuwa tayari hata na majibu.

"Sawa, supavaiza," ulisema.

Miaka thelathini na sita hujawahi kuniita chochote ila mjomba.

Stendi ya teksi Isipingo sikukusindikiza. Evariste ndiye aliyekubebea begi. Aliporudi aliniambia uliuliza kama mimi nimekula.

Mwezi uliopita limekuja lori jingine. Mioyo thelathini na nane. Kipimo nilikiacha mfukoni, nikatia ngumi kwenye utosi wa kila moyo, mmoja mmoja, nikatenga kumi na moja. Bosi akauliza nimejuaje. Nikamwambia nimezaliwa kambi ya mkonge, kwamba aliyenifundisha ni mjomba wangu, kwamba ndiye aliyetuonya mara ile, nami nikamsingizia.

Akasema babu yake alikata miwa huku Natal maisha yake yote, mgongo haukunyooka tena. Akaniangalia, akasema la mjomba wako ukalitengeneze mwenyewe, akarudi ofisini.

Hivyo tu. Siri ambayo nilikuuza wewe ili isijulikane, ilichukua dakika mbili.

Pombe imetoka juzi. Utamu unatangulia, halafu kitu kama jiwe lililonyeshewa, moshi unafika mwisho na kuondoka. Ilikuwa imevaa nguo, na mwili ulikuwemo. Panga lako ndilo nililokatia. Nalinoa mwenyewe, simpi mtu.

Sikuombi urudi. Naomba siku moja simu ikilia uipokee wewe. Ukiniita supavaiza nitaitika, kwa sababu nimelistahili. Lile jina jingine lilikuwa la kwenda na kurudi, na mimi ndiye niliyelikatisha njiani. Nalituma tena kutoka huku kwangu, lisipojibiwa nitaelewa.

Ni mimi,
Mjomba wako, Durban