Saa Moja Hewani, Siku Nzima Njiani

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua duka Bondeni, hapa Nakuru, kama kawaida. Sweta za shule zimefika, nusu yake mikono haifanani. Nimerudisha zote.

Mchana Brian, mume wa binti yangu Mercy, amepiga simu kutoka Entebbe. Amenikatia tiketi ya ndege, ya Alhamisi. Ati Nairobi hadi Entebbe ni kilomita mia tano na kitu, saa moja na robo tu. "Mum, hata chai hutamaliza." Kijana mzuri, lakini hesabu yake inaanzia hewani. Yangu inaanzia nyumbani kwangu Lanet. Kwanza nirudi nyuma kilomita mia moja na sitini hadi Nairobi, na Uganda iko upande ule mwingine! Basi la Kampala linapita hapa hapa Nakuru. Ningepanda leo jioni, kesho niko kwa Mercy. Hakuna aliyeniuliza. Nimeudhika.

Mercy anajifungua wiki hii. Mtoto wa kwanza. Anaogopa, anataka niwe naye mle chumbani. Nisipofika sitajisamehe. Brian pia sitamsamehe.

Jumatano, 5 Machi
Akina mama wa kanisa wamesikia. Wamekodi gari wanisindikize. Kumi na mmoja! Mtu hapandi ndege peke yake kama yatima, wanasema. Nimewaambia ndege ni saa nane mchana, tutoke saa kumi na mbili asubuhi. "Sawa sawa." Hiyo sawa sawa naijua.

Mercy ana maumivu kidogo. Anasema si kitu. Sauti inasema ni kitu.

Alhamisi, 6 Machi. Ndani ya ndege.
Tulitoka saa mbili kasorobo. Mama Purity alikuwa anatafuta kitenge cha kufanana na wenzake. Naivasha tukasimama, chai. Soko Mjinga, viazi. Viazi! Saa tano Brian akapiga: Mercy amelazwa, uchungu umeanza. Nikamwambia dereva, "Boss, kanyaga." Akakanyaga.

Uwanjani, picha. Halafu Mama Pasta akaanza kuombea safari. Akaombea rubani, injini, bawa la kulia, bawa la kushoto. Akahamia serikali. Nikafungua jicho moja. Dakika kumi kaunta ifungwe. Alipofika kwa mvua na mahindi nikasema AMINA, kwa nguvu zote. Wote wakaitikia. Nikashika begi, mbio.

"Mama Mercy, sijamaliza!"

"Malizia kwa gari!"

Niliwaacha wakicheka. Nimekuwa wa mwisho kupokelewa.

Sasa tumepaa. Kabla soda haijanifikia, nimeona chini moshi wa mitambo ya mvuke ya Olkaria, pale pale Naivasha. Asubuhi yote nimekula lami, na ndege imenirudisha nilikotoka! Nimecheka peke yangu. Jirani amesogeza kiwiko.

Mercy, ngoja kidogo mama.

Ijumaa, 7 Machi
Nilifika hospitali saa kumi na nusu jioni. Alikuwa anatembea koridoni, ameshika ukuta. Aliponiona akaachilia ukuta, akanishika mimi. Hakuniachilia mpaka mwisho. Msichana. Kilo tatu na robo, sauti ya mnada.

Leo mvua inanyesha. Mercy amelala, mdomo wazi, kama alivyolala akiwa mdogo. Mtoto yuko kifuani kwangu. Mkono umeingia ganzi. Siusogezi.