Bwana Afya Anarudi na Chupa Yake, Nimfungulie au Nimfungie?

Mshauri mpendwa, msaada ninauomba leo ingawa kuomba si kazi yangu, mimi ndiye ninayeombwa, na kabla sijaendelea nikwambie kabisa kwamba nasikia barua nyingine za ukurasa huu mnajiandikia wenyewe hapo ofisini mkikosa habari, kwa hiyo hii uijue ni ya mtu mzima mwenye wajukuu, nimeiandika kwa mkono wangu, shule niliiacha mapema lakini herufi hazikuniacha, nukta ndizo sijui mnaziweka wapi, wewe soma tu mpaka uchoke.

Mtaa wetu uko bondeni, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mbele ya milango unapita mtaro wa maji machafu ambao halmashauri waliamua kuuchimba upya kabla ya mvua, wakaleta mtambo una meno kama jini, ukachimba ukachimba mpaka ukapiga kitu huko chini, nikasikia ko, maji yakaruka juu, vijana wa mkandarasi wakatawanyika kama kuku walioona mwewe, halafu kabla jua halijatua wakafukia na udongo wakakanyagakanyaga juu yake, nami nimesimama mlangoni naona, nikawauliza nyie mmefukia nini hapo, mmoja akanijibu, "Bibi, nenda ukapumzike," mimi nipumzike, mimi ambaye nimelea watoto wa tumbo langu na wa watu bila kukalia kiti mchana.

Tangu siku hiyo maji ya bombani yanatoka na harufu ya mtaro, asubuhi yanakuwa na rangi kama chai iliyolala, na watoto wa mtaa wakaanza kuharisha mmoja baada ya mwingine kama walioambizana, mpaka ikafika kwa mjukuu wangu wa mwisho, tunamwita Kibabu kwa sababu alizaliwa amekunja uso, akalazwa kituo cha afya, nesi anautafuta mshipa kwenye mkono mdogo kama kidole changu, anachoma hapa anakosa, anachoma pale anakosa, na mtoto hata kulia hawezi, anatuangalia tu, mshauri, sijawahi kuangaliwa namna ile.

Alipotoka hospitali tukapiga kelele. Fundi viatu wa jirani, ambaye maneno anayoyashona ni mengi kuliko viatu, akatuongoza hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akasema jambo hili atalipeleka juu, na mimi nikisikia mtu anapeleka jambo juu najua limezikwa chini, lakini safari hiyo kweli bwana afya akaja na chupa yake ya kupimia maji, na katika nyumba zote za mtaa akachagua kwangu. Wakati ule nilidhani ni heshima, ua wangu unafagiwa mpaka kuku wanaona haya kutembea, lakini sasa najiuliza nani alimwelekeza na kwa nini.

Nilimpokea kama mtu anavyopokelewa. Nilimpa kiti cha marehemu babu yao, kile chenye mikono, nikampa maji ya kunywa akanywa akaomba tena, akasema, "Bibi, maji matamu haya," kisha simu yake ikalia, akawa anacheka na simu huku ananinyooshea ile chupa, "Nijazie, bibi yangu," nami sikuona vibaya, nimpeleke mgeni bombani kwenye tope, ambako mke wa mwanangu alikuwa anafua nepi, atuone watu gani, nikaichukua chupa nikaingia nayo chumbani, nikaisuuza kwanza maana ilikuwa na unga unga mweupe chini yake, serikali nayo haioshi vyombo, halafu nikamjazia kwenye mtungi wangu wa wageni, maji nimeyachemsha mwenyewe, nikayachuja kwa kitambaa cheupe, yakatulia usiku kucha, mtungi ule haushikwi na mtu humu ndani, watoto wanakunywa ya ndoo, wao ni wenyeji, matumbo yao yamezoea, na bei ya mkaa unaijua. Nikamrudishia chupa inang'aa. Akaifunga, akaitia begini, nikamsindikiza hadi njia panda. Sasa sikiliza asante ya punda.

Mkutano ukaitwa kwenye darasa la shule, tukabanana kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu, bwana afya akasimama akasema, "Maji ya mtaa huu yamepimwa na ni salama kabisa, hayana mdudu hata mmoja," tena akaongeza kwamba ni safi kuliko ya kule mlimani kwa wakubwa, kwa hiyo kuhara huku ni uchafu wa akina mama, wanawe mikono, waoshe vyombo, wasimsingizie mkandarasi. Watu wote wakanigeukia mimi. Fundi viatu akasema kwa sauti, "Bibi, kumbe kwako kuna kisima cha peponi na hutuambii," wakacheka, wengine hawakucheka, wananitazama kama niliyekula kitu. Ndipo mke wa mwanangu, ambaye mbele za watu huwa hafungui mdomo, akaniinamia akaniuliza, "Mama, kwani ulimpa maji gani?" Nikamjibu, nilimpa maji ya nyumbani kwangu, ulitaka nimpe ya nyumbani kwenu?

Tulipofika nyumbani nikamaliza. Nikamwambia bwana afya amesoma, amesema uchafu wa akina mama, na humu ndani mama ni wewe, mimi ni bibi. Akamfunga Kibabu mgongoni, akamshika mkono na yule mtoto wake mkubwa, akaenda kwao. Mwanangu ni dereva wa lori, yuko njiani, kila akipata mtandao ananipigia, "Mama, nenda ukamchukue mke wangu," nami namwambia sikumfukuza, miguu alikwenda nayo na arudi nayo.

Lakini usiku, mshauri, nalala na mambo haya, na nimekwisha kuyapanga. Wamebadilisha chupa. Mwenyekiti ameezeka bati jipya, rangi nyekundu, la fedha gani. Simu ile bwana afya aliyokuwa anachekea ilikuwa ya nani kama si ya mkandarasi. Fundi viatu naye, kelele zote zile, mbona siku ya chupa alifunga kibanda mapema. Na mke wa mwanangu kuniuliza vile ulimpa maji gani, alikuwa na maana gani, alijua nini, nani alimtuma, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hata wewe, picha yako gazetini inacheka sana kwa mtu anayesoma shida za watu.

Sasa watu wamezidi kupiga kelele na bwana afya anarudi juma lijalo na chupa nyingine, na mwenyekiti amekuja mwenyewe kuniarifu, "Bibi, tutafanyia hapo hapo kwako, wewe ndiye unayetupokea vizuri," na akasema hii ndiyo ya mwisho, maji yakionekana salama tena basi faili linafungwa na mtaro haufukuliwi. Kwa hiyo nijibu, nimfungie mlango, au nimpokee kwa heshima ileile na mtungi uleule ili isije kusemwa bibi alikosea, na huyu aliyebadilisha chupa nimkamateje? Jibu lisinizungushe.

Ni mimi, bibi mwenye ua uliofagiwa.

JIBU

Shikamoo, bibi. Barua yako nimeisoma hadi mwisho wala sijachoka, na mashahidi ninao kwamba sikuiandika mimi. Pole kwa Kibabu. Picha yangu ya kucheka ilipigwa kabla sijaanza kazi hii.

Umeniomba nisikuzungushe, basi kaa vizuri. Umemshuku mwenyekiti, mkandarasi, bwana afya, fundi viatu, mke wa mwanao na mimi. Umeruka nyumba moja. Rudi kwenye barua yako, pale ulipoingia chumbani na chupa. Maji uliyojaza uliyachemsha mwenyewe, ukayachuja mwenyewe. Wale wadudu uliwaua wewe, jikoni kwako. Walichopima ni mtungi wako wa wageni, wakaukuta safi, na wakausomea mtaa mzima majibu hayo. Kama yupo aliyetaka kuwadanganya, ulimpunguzia kazi: hakuhitaji kutunga uongo, alipewa uliokwisha kuchemshwa.

Je, chupa ilibadilishwa? Sijui. Wewe pia hujui, na sasa hatutajua, kwa sababu hata asiyebadilisha angepata jibu lilelile.

Usinikunjie uso kama mjukuu wako. Kosa kubwa si lako. Kuchota maji ya kupima ni kazi ya bwana afya, na mshahara wake anaupokea kwa kazi hiyo. Nimemuuliza mtu wa maabara, akashika kichwa: chupa ile haisuuzwi, ule unga uliomwaga huwekwa makusudi kwa ajili ya kipimo, na haishikwi na mwenye nyumba. Tena mtu wa afya akipewa maji matamu kwenye mtaa ambao watoto wanatundikiwa dripu, alitakiwa ashtuke, si aombe tena. Yeye aliketi kwenye kiti cha babu, akacheka na simu, kisha akasimama mbele ya wanawake wenye watoto wagonjwa akawaita wachafu. Hilo lina wa kulijibia, na si wewe.

Kuishuku serikali si dhambi, bibi. Lakini bati jekundu si ushahidi. Wewe uliona kwa macho yako mtambo ukipiga bomba, ukaona likifukiwa bila kuzibwa. Hilo umelipitia haraka, ukakaa sana kwenye paa la mwenyekiti. Liache paa. Shika bomba.

Kabla ya siku ya chupa, nenda kwa mwenyekiti ukiwa na fundi viatu na majirani wengine, na useme mwenyewe, kwa mdomo huo huo usioogopa mtu: yale maji ya kwanza yalikuwa ya mtungini, yamechemshwa, kipimo kile si cha bomba letu. Itakuuma. Fundi viatu atakutania mpaka mwaka uishe, naye ana haki. Lakini mwambie mwenyekiti aliandike, na nakala mpeleke wenyewe kwa mkono idara ya afya ya halmashauri na ofisi ya maji, msimwachie alipeleke juu.

Akija bwana afya, mlango fungua. Kiti baadaye. Maji ya kunywa baadaye. Mpeleke bombani, kwenye tope na nepi. Afungue mwenyewe, achote mwenyewe, afunge mwenyewe, aandike kwenye chupa ni wapi na saa ngapi, majirani wakitazama. Akikunyooshea chupa, mrudishie: "Mwanangu, hii kazi yako." Kisha asiishie kwako. Apite nyumba nyingine za juu na za chini ya mtaa, maana serikali inayopenda kupima nyumba moja tu, tena ile inayoipokea vizuri, ndiyo ya kuitilia shaka kweli. Akimaliza, muonyesheni pale palipofukiwa siri, mdai pachimbwe mchana watu wakiona. Kituo cha afya kinajua ni watoto wangapi wa mtaa wenu wametibiwa; mkaombe waseme. Majibu yakichelewa, nenda ofisini kwao ukakae. Wakikwambia bibi nenda ukapumzike, waambie umekuja kupumzikia hapo.

Sasa la mtungi, na hapa sitakubembeleza. Hakuna tumbo la mtoto linalozoea mtaro. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwako mgeni alikunywa akaomba tena, mwenyeji akatafutwa mshipa. Najua mkaa ni ghali na najua ulivyolelewa, kwamba kizuri ni cha mgeni. Lakini mpaka bomba lizibwe, mtungi ule utoke chumbani ukae mahali Kibabu anapofikia, na wageni wanywe kitakachobaki.

Na mkweo. Kweli hukumfukuza, ulimwita mchafu tu, ukatumia maneno ya mtu ambaye wewe mwenyewe unamwita mwongo. Katika darasa lile zima, pamoja na waliosoma, ni yeye peke yake aliyeuliza swali ambalo bwana afya alipaswa kuliuliza. Hakutumwa na mtu. Alikuwa anafua nepi bombani, harufu ya yale maji anaijua.

Alikuuliza, "Mama, kwani ulimpa maji gani?" Hukumjibu. Nenda kwao ukamjibu.