Abiria Niliyempata Rumonge

Dada Zuhura,

Natumaini lile goti halikusumbui. Huku Rumonge kila kitu kinanukia mawese, nami nimo. Jana nilikodi baiskeli nizunguke mji kama bwana mkubwa, bila kujua kwamba kimto kilichofungwa kwenye keria ndiyo alama ya teksi. Nilipofika sokoni mama mmoja akapanda nyuma, akanishika mkanda, akanyoosha kidole ziwani. Wingu jeusi lilikuwa linavuka kutoka Kongo, na ndagala wake, dagaa wetu hawahawa, walikuwa wameanikwa mchangani. Wakilowa, wote wanaoza.

"Papa, kanyaga! Mvua iko inakuja!"

"Mama, mimi mgeni tu."

"Mugeni hana miguu?"

Nikakanyaga. Kwenye mwinuko alinisukuma mgongoni kama mlango uliokwama, na mwenye teksi mmoja akatupita akiuliza nani amembeba mwenzake. Tulifika tone la kwanza likidondoka, tukazoa ndagala kwa mikono minne, tukawafunika kwa turubai. Ndipo akanitazama vizuri.

"Kumbe wewe hauko wa teksi?"

"Siko, mama."

"Ndiyo maana."

Alinifungia ndagala kwenye gazeti, nakuletea. Najua uliapa hutapanda tena baiskeli yangu tangu siku ile nilipokuangusha mtaroni. Lakini huyu, dada, sikumwangusha. Nikirudi nitakufungia kimto.

Mdogo wako mwenye mapaja yanayouma,
Idi