Kitanda Kilikuwa Kimetandikwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Mfanyakazi wa zamu ya usiku aliyepotea na kupatikana katika yadi ya mabomba
Jina la shahidi: Kama lilivyo kwenye nakala ya kitambulisho iliyoambatishwa. Kazini na mtaani anaitwa Fundi
Umri: Miaka 46
Kazi: Fundi bomba, kambi ya wafanyakazi wa visima vya mafuta
Makazi: Chumba namba 4, nyumba ya mabati nyuma ya gereji ya malori
Yamechukuliwa: Alhamisi, tarehe 12 mwezi wa tatu, saa tatu asubuhi

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu baada ya kuitwa na afande koplo. Nilichokiona nitakisema, na nisichokiona nitasema sikukiona.

Mimi si mwenyeji wa mji huu. Nilifika tarehe 17 mwezi uliopita. Kwetu nilikuwa nikifunga mabomba ya shule na ya nyumba za watu, mpaka kazi zikakauka. Kaka wa mke wangu, ambaye ni dereva wa lori la mafuta, akanipigia simu: "Shemeji, umekaa huko unafanya nini? Huku mji unaota kama uyoga na hakuna choo hata kimoja kinachovuta maji." Mke wangu alininunia siku mbili. Siku ya tatu akanifungia begi mwenyewe.

Nilipofika nilikuta kazi ipo, ila pa kulala hapakuwepo. Watu walikuwa wakilala kwenye viti vya kinyozi. Shemeji alinipeleka kwa mama mwenye nyumba ninayokaa sasa. Mama akasema, "Chumba sina, kitanda sina. Ninayo nusu ya kitanda." Nikamjibu, "Mama, mimi nina watoto wanne. Siwezi kubanana na mwanaume mwenzangu." Akacheka mpaka akashika ukuta. "Nusu ya siku, baba, si nusu ya godoro. Mwenzio analala mchana, wewe unalala usiku. Hamtajuana hata sura."

Ikawa hivyo. Mimi natoka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, yeye anaingia saa kumi na mbili na nusu. Jioni yeye anaondoka saa kumi na moja na nusu, mimi nafika saa moja kasorobo. Kazi zetu hazina Jumapili. Ni siku ishirini na nane kazini, kisha wiki moja nyumbani. Kwa hiyo nilikaa na mtu huyu wiki tatu bila kumwona uso. Mara moja tu nilimwona mgongo akipanda basi la zamu.

Mama mwenye nyumba alimwita Sabuni, kwa vile akiingia bafuni pipa linakauka. Nami nikamwita hivyo hivyo. Tulikuwa tukiandikiana kwa penseli kwenye kalenda iliyo nyuma ya mlango. Yeye ndiye aliyeanza. Aliandika: "Karibu. Upande wa ukutani kuna chaga imelegea, usigeuke kwa kishindo." Nikaikaza, nikamwandikia kwamba nimeikaza. Akaandika: "Ahsante. Nilianza kuizoea." Siku nyingine aliandika: "Fundi, mto huu una shimo upande mmoja. Kichwa chako kina nini ndani?" Nikamjibu kina hesabu za koki. Mwandiko wake umelalia kushoto kama mabua yaliyopigwa na upepo. Nausema mwandiko huu kwa sababu utahitajika mbele.

Tulikubaliana bila kuambiana kwamba anayetoka hutandika. Mimi hutandika ovyo ovyo. Sabuni hukunja blanketi mara nne na kuliweka miguuni.

Jumatatu tarehe 9 nilirudi saa moja kasorobo jioni. Kitanda kilikuwa vile vile nilivyokiacha alfajiri, na taulo langu lenye unyevu likiwa juu yake. Nikafikiri amepewa zamu mbili mfululizo, kwa maana huku hilo hutokea. Nililala.

Jumanne tarehe 10, saa ile ile, kitanda kilikuwa vile vile tena. Kandambili zake zilikuwa mlangoni. Kwenye kalenda hapakuwa na neno. Nilimfuata mama mwenye nyumba akichambua mboga uani. "Sabuni yuko wapi?" Akasema, "Sijasikia maji tangu juzi. Labda ameacha kazi. Hawa wanaondoka bila kuaga, baba, unawajua." Nikamwambia mtu haachi kazi akaacha kandambili. Mama akaweka kisu chini. Akasema, "Fungua begi lake. Mimi ni shahidi."

Sikuwahi kugusa begi lile. Simu yake ilikuwemo, imefungwa ndani ya shati, kwa sababu yadini simu haziruhusiwi. Alikuwa ameizima sauti. Palikuwa na simu thelathini na moja ambazo hazikupokewa, zote kutoka kwa "Mama Watoto". Niliipiga namba hiyo. Ilipokelewa kabla sijasikia mlio.

Sauti ya mwanamke ikasema, "Uko wapi wewe?"

Nikasema, "Shemeji, si yeye. Mimi ndiye ninayelala naye kitanda kimoja." Baada ya kusema nikaona nimesema vibaya, lakini yeye hakujali.

Akaniambia, "Hunipigia kila asubuhi saa moja kabla hajalala. Miezi mitano hajaruka hata siku. Tangu jana naongea na ukuta. Shemeji, niambie tu kama ni kitu kibaya, nikae chini kwanza."

Nikamwambia asikae chini bado.

Saa mbili kasorobo jioni nilifika lango la yadi ya mabomba. Mlinzi wa lango alinionyesha daftari la zamu kupitia dirishani. Akasema, "Mtu wako alitoka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, huyu hapa." Nilitazama. Upande wa kuingia, Jumapili jioni, jina la Sabuni lilikuwa limeandikwa kwa ule mwandiko wa kulala kushoto. Upande wa kutoka lilikuwa limesimama wima. Tena majina yote kumi na mawili ya waliotoka yalikuwa ya mkono mmoja na kalamu moja. Nikamwambia mlinzi, "Ndugu yangu, hawa watu kumi na wawili wana mkono mmoja?" Akafunga daftari. Akasema bila amri ya mkuu wa yadi haingii mtu.

Saa mbili na robo nilikuwa hapa kaunta. Afande koplo ndiye aliyenisikiliza. Aliniuliza Sabuni ni nani kwangu. Nikasema simjui. Akaweka kalamu chini akanitazama. Nikamweleza habari ya kitanda, taulo, simu na daftari. Hakucheka. Alipiga simu mara tatu mpaka akampata mkuu wa yadi, aliyekuwa safarini, akakubali tuingie asubuhi. Koplo akaniambia nirudi saa kumi na mbili. Sikwenda chumbani. Kitanda kile kingenishinda. Nilikaa kwenye benchi la hapa nje, na ninawashukuru kwa chai.

Jumatano tarehe 11, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuliingia yadini, mimi, koplo na polisi mwingine mmoja. Msimamizi wa zamu ya usiku alikuwepo. Koplo alimuuliza nani aliandika majina ya kutoka. Akasema, "Mimi huwaandikia, afande, ili basi lisichelewe. Wote hupanda basi." Koplo akamuuliza kama aliwahesabu wakipanda. Msimamizi akasema ni watu wazima. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mimi sikumwona akiandika. Daftari ndilo nililoliona.

Kisha koplo akampigia mtu aliyefanya kazi na Sabuni usiku ule. Huyo alikuwa ameondoka na basi la Jumatatu kwenda kwao kwa ile wiki ya mapumziko, na wenzao wa zamu wakadhani wameondoka wote wawili, ndiyo maana hakuna aliyeuliza. Koplo aliweka simu kwenye spika. Yule mtu akasema, "Tulikuwa tunakwangua kutu kwenye matangi ya maji. Nilimwacha anamalizia la mwisho, akaniambia nitangulie nisikose basi. Kwani hakutoka?" Koplo akakata simu, tukaenda kwenye matangi.

Matangi yako tisa, ya chuma, yamepangwa chini ya paa refu la bati, kila moja kimo cha watu wawili. Namba nyingi zimefutika. Tangi la mwisho kwa mtu anayeanzia langoni silo la mwisho kwa anayeanzia kwenye jenereta, na wengine huanzia katikati. Kundi la mchana lilikuwa limefunga vifuniko vyote vya juu Jumatatu saa mbili. Walisema waliita kwenye kila tangi na hakuna aliyeitika. Na bomba la kujazia lilikuwa tayari limeunganishwa. Fundi wao aliniambia maji yangefunguliwa saa mbili asubuhi hiyo hiyo. Nilitazama saa ya koplo. Ilikuwa saa moja na dakika tano.

Vifuniko vile vina nati kumi na mbili kila kimoja, na zimekazwa kwa mashine. Kufungua vyote tisa kungemaliza asubuhi. Nikasema nigonge. Hiyo ndiyo kazi yangu: ukikijua chuma, kinakuambia kina nini tumboni. Lakini jenereta lilikuwa likinguruma mita tano kutoka pale, huwezi kusikia hata kikohozi chako. Nikaomba lizimwe.

Mwendesha jenereta akasema, "Hili halizimwi. Halijazimwa tangu mwaka jana."

Koplo akasema, "Zima."

Akasema atampigia mkubwa wake. Koplo akasema tena, "Zima kwanza, utapiga baadaye."

Likazimwa. Sikuwahi kusikia mji huu ukiwa kimya. Nilisikia ndege juu ya bati.

Niligonga tangi la kwanza kwa spana, mara tatu, nikaweka sikio. Likalia tupu. La pili, tupu. La tatu na la nne, tupu. La tano, tupu. La sita, tupu. Kwenye la saba niligonga mara tatu nikangoja. Nikasikia kitu kidogo, kama kucha. Nikadhani ni chuma kinatanuka kwa jua. Nikagonga mara mbili. Kucha ikagonga mara mbili.

Afande, nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Wanasema nilisema, "Anahesabu! Huyu anahesabu!"

Nati ya kwanza nilifungua mimi, nyingine walinisaidia. Saa moja na dakika ishirini na tano kifuniko kilitoka. Ndani kulikuwa na joto kama la tanuri. Alikuwa ameegemea ukuta wa tangi, mguu mmoja umekaa vibaya, ngazi imelala kando yake. Baadaye alieleza kwamba ngazi iliteleza, akaangukia kichwa, akazirai. Walipoita hakusikia. Alipozinduka kulikuwa na giza. Aliishi kwa chupa yake ya maji na kidimbwi kilichobaki chini, akivuta hewa kwenye bomba la kupumulia. Kila alipogonga, jenereta lilimeza sauti.

Nilishuka mimi na polisi. Nilimshika kichwa huku polisi akimmulika taratibu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Leo siku gani?"

Nikasema Jumatano.

Akasema, "Mke wangu ataniua." Nikajua huyu mtu ni mzima.

Tulimtoa kwa kamba na machela saa mbili kasoro dakika kumi. Watu wote wa yadi walikuwa wamesimama, hata mwendesha jenereta. Alikuwa analia na hakujificha. Mimi niliketi juu ya bomba.

Zahanati walisema mfupa wa kifundo cha mguu umevunjika, na amepungukiwa maji mwilini, lakini atapona. Nilimpigia mkewe nikamwekea simu sikioni. Mwanamke yule akaanza kumgombeza kuanzia mwaka waliooana, na Sabuni akawa anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo, mama. Ndiyo," huku machozi yanamtiririka mpaka masikioni. Muuguzi alitoka nje kwenda kucheka.

Alipokata simu akanigeukia. "Na wewe ni wa zahanati?"

Nikamwambia, "Mimi ndiye Fundi."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Akasema, "Nilidhani u mrefu." Akanishika mkono, hakuuachia mpaka dawa ilipomlaza. Nilikaa pale. Siku hiyo sikwenda kazini, na msimamizi wangu wa kambi alituma ujumbe kwamba nisiwaze.

Niliulizwa hapa kama nina hasira na msimamizi wa zamu. Jana nilikuwa nayo. Leo nataka kitu kimoja tu: kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake anapotoka. Jana jioni nikitoka zahanati, wakati basi linawachukua, niliona wameanza kupanga mstari pale langoni. Basi lilichelewa dakika kumi na tano na hakuna aliyenung'unika.

Mkewe ameshuka stendi leo alfajiri, shemeji yangu dereva ndiye aliyempokea. Zahanati wanafungua mlango wa wageni saa nne, naomba tusichelewe.

Niliyoyasema ni hayo, kwa hiari yangu, na hakuna aliyenitia maneno mdomoni.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya, naye ameyapitia mwenyewe na kuridhika. Kwenye sehemu ya fomu inayouliza uhusiano wake na mhusika, Jumanne jioni nilikuwa nimeandika "hakuna", kwa kuwa mwenyewe alisema hamjui. Leo ameomba nirekebishe. Nimekata neno hilo kwa mstari mmoja, tukatia sahihi wote wawili pembeni, na badala yake nimeandika "ndugu".

Koplo wa zamu, saa nne kasoro dakika tano.